Timu ya Marobota na Nyumba Kumi za Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliletewa mpira wa kikapu kutoka Mwanza, mpya kabisa. Alipoutoa kwenye mfuko, harufu ya raba ikajaa sebuleni, nami nikainuka nikaenda kukaa nje. Mume wangu akanifuata. "Mama Neema, vipi?" Nikamwambia ni joto tu. Joto gani! Kulikuwa na mawingu na upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha nguo kwenye kamba. Lakini ningemwambia nini? Kwamba harufu ya raba mpya inanikumbusha nilichokifanya nikiwa na miaka tisa?

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Sinunui maziwa bila kuyanusa mara mbili, na mtu akinisalimia kwa uchangamfu sana najiuliza anataka nini. Nimelelewa hivyo. Baba yangu, Mzee Magesa, alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Iringo, mtaa wa Musoma, na wenzangu mliokuwa watoto miaka ile ya vijiji vya ujamaa mnakumbuka kwamba ubalozi haukuwa jina la kupamba. Mgeni akilala kwako bila kuandikwa, ni kesi. Mtu akionekana na sukari wakati duka halina, ni swali. Kijana akizurura saa nne asubuhi mikono mfukoni, anaulizwa kazi yake, na akikosa jibu anapelekwa kulima. Baba alikuwa fundi baiskeli, lakini ukimwona anavyotazama wapita njia huku ameinamia gurudumu, ungejua kazi yake ya kweli ni ipi.

Nyuma ya mlango wa sebule yetu alikuwa ametundika karatasi ya kalenda kuukuu, upande wa nyuma, na juu yake amechora nyumba zake kumi. Nyumba za Iringo zilikuwa za bati, zenye pembe nne, lakini Baba alizaliwa katika nyumba ya msonge, na kwake yeye nyumba ilikuwa duara. Basi yalikuwa maduara kumi, kila moja na namba yake ndani, na mistari kutoka moja kwenda nyingine kuonyesha nani anapita kwa nani kupeleka habari. Sisi tulikuwa namba saba. Nilijivunia ile karatasi kuliko daftari langu la shule. Wageni wakija, Mama akiwa jikoni, mimi ndiye nilikuwa nawaonyesha.

Namba kumi ndiyo iliyoleta maneno. Ilikuwa nyumba kubwa iliyokaa tupu muda mrefu, ndipo kinu cha pamba kikaipanga kwa ajili ya vijana wake. Siku lori lilipowashusha tulitoka wote kutazama. Lo! Walikuwa warefu mno! Mmoja aliinama mlangoni hadi nikadhani ameangusha kitu. Walikuwa wametoka Mwanza, Dodoma, Tanga, hata mmoja wa Bukoba, na mbele yao alikuwepo mtu mfupi mwenye kipenga shingoni, Kocha Selemani, mtu wa pwani, aliyesalimia kila mtu kwa salamu ndefu zisizokwisha. Baba akanong'ona, "Huyu anasalimia sana."

Meneja wa kinu alikuwa amesoma nje, na huko alikuwa amependa mpira wa kikapu hadi kupitiliza. Akataka Musoma iwe na timu ya kuifunga Mwanza, timu ya watu wasiofanya kitu kingine ila kucheza. Kwa kuwa nchi wakati ule haikutaka kusikia habari za mtu kulipwa kwa kucheza, aliwaandika kama wafanyakazi wa kinu. Hayo tuliyajua baadaye. Tulichokiona sisi ni kwamba sakafu ya saruji, mahali wakulima walipokuwa wanarundika pamba wakisubiri mizani, imewekewa nguzo mbili zenye pete za chuma. Nyavu za pete zilisukwa na mvuvi mmoja wa Kibara kwa uzi uleule wa kuvulia sato. Wachezaji walitoka mazoezini na nyuzi za pamba nywelini, wamebebwa juu ya lori kama mizigo ya pamba iliyofungwa, na mji ukawapa jina: Marobota.

Kila asubuhi Marobota walikimbia barabara nzima ya Iringo na kurudi. Kisha wakanywa maziwa. Kisha wakala mayai. Mama Bhoke, jirani yetu wa namba nane, Mkurya mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni, alisimama uani kwetu na kuhesabu kwa vidole.

"Mayai, mama Masatu! Kila mmoja mawili. Na nyama Jumatano na Jumamosi. Sasa niambie, mtu anayeamkaga hajashika jembe, hajashika nyavu, anakula hivyo ni wa nini?"

"Wanachezaga mpira," Mama alisema.

"Mpira! Kwetu ng'ombe akiacha kupelekwa kulima, akawa anapewa chumvi na majani mazuri, unajua siku zake zimekaribia. Mimi nasema ni mumiani hao. Wananenepeshwa, halafu damu inauzwa."

Mama alicheka, akampungia mkono aende. Mimi sikucheka. Sikucheka kwa sababu katika ile nyumba namba kumi alikuwemo kaka yangu.

Kaka Masatu alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kuliko Baba kwa kichwa kizima. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu. Wakati anasubiri kwenda, akawa anasimama pembeni ya ile sakafu ya kinu kutazama, siku moja mpira ukamfikia, akaurusha kutoka alipokuwa amesimama, ukaingia. Kocha Selemani akampa mwingine. Nao ukaingia. Juma lililofuata akatuambia haendi chuoni.

Nakumbuka chakula kile neno kwa neno. Ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa.

"Utakuwa nani?" Baba akauliza.

"Mchezaji, Baba."

"Nimekuuliza kazi."

"Ndiyo kazi. Wananipa chumba, chakula na mshahara. Na Kocha amesema tukishacheza Butiama kwenye sikukuu, atakuja mtu kutoka Dar es Salaam kututazama. Atachukua wawili kwenda kujaribiwa timu ya taifa. Kocha anasema mimi ni mmoja wao, nikicheza vizuri siku hiyo."

Baba alinawa mikono taratibu sana. "Mtu anayekulisha kwa kucheza," akasema, "anakulisha kwa jambo jingine. Hilo jingine hujaambiwa. Siku nikilijua nitakwambia mimi."

Masatu akahama kesho yake. Kutoka mlangoni kwetu hadi namba kumi ni hatua chache, lakini Kocha alikuwa na sheria, wachezaji wote walale kambini, wale pamoja, wasipokee wageni hovyo. Nyumba nzima ikanywea. Masatu ndiye aliyekuwa ananifundisha hesabu, ananibeba mabegani kwenda kuoga ziwani, ananipasulia samaki mifupa. Nilikaa kibarazani nikiangalia lile dirisha la namba kumi kila jioni kabla giza halijaingia. Nilitaka kaka yangu arudi nyumbani, basi. Msidhani nilikuwa na jambo jingine.

Baba naye alikuwa anatazama. Mpira wao ukitoboka waliuleta kwake auzibe, kwa kuwa hakuna mwingine mjini aliyekuwa na solusheni nzuri ya kugandisha raba. Akishaufungua alikuwa anachungulia ndani kwa jicho moja, anaingiza kidole, anautikisa sikioni. Nilimuuliza anatafuta nini. "Sijui," akasema. "Ndiyo maana natafuta."

Na timu ilikuwa inashinda, jambo lililoongeza mashaka. Walikwenda Bunda juu ya lori wakawafunga walimu pointi sitini kwa kumi na nane. Wakawafunga askari. Wakawafunga vijana wa misheni hadi padri akaomba mchezo usimame. Watu wa Bunda walisema ni dawa, kwamba Kocha anazika kitu chini ya nguzo. Wakachimba usiku baada ya lori kuondoka wakakuta mchanga. Huku Musoma watu walishangilia wakiwa uwanjani, wakifika nyumbani wakaulizana wale watu ni nani hasa. Hata Kocha mwenyewe alikuwa mtu wa mashaka. Aliamini Mwanza wametuma mpelelezi kuiba mipango yake. Akafunga madirisha ya nyumba mchana kweupe. Sasa nyumba iliyofungwa madirisha mchana, pale Iringo, na balozi ni Baba!

Zilikuwa zimebaki siku nane twende Butiama. Mama alikuwa ameniahidi nitapanda lori la mashabiki, na gauni langu lilikwishashonwa. Mchana ule alipata sato wawili wakubwa, akamkaanga mmoja, akamfunga kwenye majani ya mgomba. "Mpelekee kaka yako. Mwambie ale mwenyewe, asigawe."

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikazunguka upande wa dirisha, ubao mmoja ulikuwa umelegea, nikapanda juu ya tofali nikachungulia.

Walikuwa wamechuchumaa sakafuni, wote. Kocha alikuwa katikati ameshika fimbo. Kwenye saruji, kwa chaki, yalichorwa maduara. Niliyahesabu kwa sababu nilikuwa nimezoea kuyahesabu. Yalikuwa kumi. Matano matupu, matano yamepakwa mkaa hadi kuwa meusi, na juu ya meusi namba zimeandikwa kwa chaki. Mishale ilitoka duara moja kwenda jingine. Na duara moja jeusi lilikuwa na namba saba.

Nyumba yetu.

Fimbo ya Kocha ikagonga saba. "Hapa," akasema, "tukipita hapa, tumemaliza." Kisha akainua macho, akaona kichwa changu. Haraka haraka akaanza kufuta kwa mguu. "Fungeni hilo dirisha!"

Nilikimbia nikiwa bado na yule sato mkononi. Nilimkuta Baba kwenye karakana yake chini ya bati, nikamwambia yote, nikilia. Nikamwambia wamechora nyumba zetu kumi. Tano wamezitia weusi, damu itachukuliwa huko, na ya kwetu imo, na Kaka yuko pale anatazama tu, hasemi kitu, wamemfanya nini Kaka?

Baba hakuamini mambo ya mumiani. Angekuwa mjinga wa kuogopa mumiani tu, ningepona. Alinipa penseli na kipande cha karatasi. "Chora ulivyoona." Nikachora. Akatazama muda mrefu.

"Umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Usimwambie mtu. Hata mama yako." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akavua aproni. Siku nane zilizobaki ndizo zilizomtisha. Watu wasiojulikana, wana ramani yenye mishale, wanakwenda Butiama siku ya sikukuu. Na nani hajui Butiama ni nyumbani kwa Rais? Nilimwona akitoka kuelekea barabarani, shati lake la kijani limefungwa hadi kifungo cha juu.

Kesho yake mgambo waliwaleta Marobota wote kwenye ofisi ya tawi la chama. Mkutano ulifanyikia uani kwa sababu ndani wasingetosha. Mji mzima ulikuwepo. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika kanga ya Mama. Katibu wa tawi akainua kile kikaratasi changu.

"Ndugu Selemani, hiki ni nini?"

Kocha akakitazama, akacheka. Akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. "Ndugu Katibu, hii ni mipango ya mchezo. Hawa watano ni wetu, hawa watano ni wao. Namba nne anampa huyu tano, tano anajifanya anarudi, kumbe anamwachia saba. Saba anapita hapa katikati, anafunga."

"Saba ni nani?"

"Ni kijana wenu, Masatu. Mtoto wa Mzee balozi. Mchezo wote wa Butiama nimempangia yeye."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Na aliyeiona hii ramani ni nani?" Katibu akauliza. Nikajifunika uso kwa kanga ya Mama.

"Mimi," Baba akasema. "Niliona mwenyewe."

Masatu akageuza kichwa, akamtazama Baba. Halafu akanitazama mimi, kidogo tu, akarudi kutazama mbele.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Akasema waonyeshe. Wakajipanga pale uani bila mpira, watano huku, watano kule, Kocha akapiga kipenga. Walipita kama karatasi ilivyosema. Kaka yangu akakata katikati ya watu, akaruka, mkono mtupu ukaenda juu, na juu kulikuwa hakuna kitu, lakini watu wote waliona mpira umeingia. Walipiga makofi. Mama Bhoke alipiga vigelegele! Mimi nikapumua. Nikajua yamekwisha.

Ndipo mkulima mmoja mzee, kutoka vijiji vya huko Bunda, akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza. Hawa vijana, kinuni wameandikwa kazi gani?"

Katibu akawauliza mmoja mmoja. Mpima pamba. Mpima pamba. Mpima pamba. Masatu alipofikiwa naye akasema, kwa sauti ndogo, mpima pamba. Walikuwa kumi.

"Mizani ya kinu ni mbili," yule mzee akasema. "Na mimi nililala na pamba yangu nje siku tatu, mvua ikanyesha, nikaambiwa hakuna wa kupima. Nawaulizeni, wanangu, mlikuwa wapi?"

 Makofi yalikwisha pale pale. Hadi leo sijui nimchukie nani katika habari ile, maana yule mzee alisema kweli, na Baba pia, kwa namna yake, alikuwa amekosea na amepatia. Kulikuwa na jambo jingine kweli. Halikuwa lile tulilolidhania.

Timu ilivunjwa juma lile lile. Wageni wakapandishwa basi, Kocha akiwa wa mwisho, hakusalimia mtu. Meneja akahamishwa. Pete moja ilichukuliwa na mama ntilie akatengenezea jiko. Butiama hatukwenda, na sikukuu ile nilishinda ndani na gauni langu jipya. Nafasi ya Masatu chuoni ilikwisha kupewa mtu.

Alirudi nyumbani kama nilivyotaka. Alikaa siku nne. Siku ya nne, wakati wa chakula, akauliza, "Baba, uliingia lini ile nyumba?"

"Nilisema niliona."

"Nauliza uliingia lini."

"Masatu, kula."

Mimi nilikuwa nashika tonge ambalo halipandi. Ningefungua mdomo. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na akili, nilikuwa naongoza darasani kwa kusoma kwa sauti. Sikufungua. Asubuhi Masatu akaenda Kibara kwa mjomba, akawa mvuvi, akaoa huko, akazaa huko. Mama alikuwa anamfuata kumwona. Baba hakwenda, na Masatu hakuja, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyetamka jina la mwenzake mbele yangu.

Masatu alikuja kumzika Baba. Alikuwa na mvi tayari, mabega bado mapana. Jioni baada ya mazishi tulikaa wawili kwenye mkeka uani, watu wakila, nikaona nikilala na jambo lile tena nitakufa nalo. Nikamwambia. "Kaka, siye Baba aliyechungulia. Ni mimi."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuona dirishani. Ulikuwa na samaki."

Nikamgeukia. "Sasa mbona miaka yote hii umemchukia yeye, hukunichukia mimi?"

"Wewe ulikuwa na miaka tisa, Nyangeta. Uliona kitu ukaogopa, ukamwambia mzazi wako. Ulitaka ufanye nini kingine?" Akasogeza sahani pembeni. "Yeye nilikuwa mtoto wake, na nilikuwa mle ndani. Alikuwa na mtu wa kumuuliza. Angeniuliza, 'Masatu, hii ni nini?' Ningemwambia, tungecheka, ningekwenda Butiama. Akaona heri akaulize ofisini."

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata Mama. Siku ile, Baba alipotoka na karatasi mfukoni, mimi nilimfuata kwa macho kutoka kibarazani. Hakwenda ofisini moja kwa moja. Alikwenda namba kumi. Alisimama mlangoni kwao, akainua mkono wa kupiga hodi, mkono ukabaki juu. Sauti zao zilikuwa zinasikika ndani, na sauti ya Masatu ilikuwemo, anacheka. Baba akasikiliza. Kisha akaushusha mkono, akajipangusa kwenye suruali, akaondoka kuelekea ofisini.

Masatu akanisogelea kwenye mkeka.

"Alisimama sana?"

"Alisimama, Kaka. Alisimama sana."

Akajifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa, na mabega yakaanza kutikisika. Watu wakageuka kututazama, wakadhani ni msiba tu.

"Angepiga hodi," akasema ndani ya viganja. "Nyangeta, si angepiga hodi tu."